Honi Kwenye Kila Kona

Mguu wa kulia wa Venuste ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Kila barabara ilipojipinda, kiatu chake kilididimiza zulia la gari upande wa abiria, na sauti yake ikafuata papo hapo.

"Klaksoni, Mama Jaël! Piga klaksoni!"

Gaudiose akapiga. Honi ikapasua utulivu wa Skyline Drive, barabara ya milimani ndani ya hifadhi, ikamshtua mzee mmoja aliyekuwa akipanda mlima kwa baiskeli, akageuka kuwatazama kama watu waliorukwa na akili.

Ilikuwa Jumatatu ya sikukuu ya wafanyakazi, ile ya Marekani ya mwezi wa tisa. Kabla maradhi ya macho hayajamfunika kwa ukungu, Venuste alikuwa ameendesha malori miaka mingi kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Uvira na Bukavu, ambako dereva asiyepiga honi konani anajichimbia kaburi. Marekani nako usukani ulikuwa wake, mkewe abiria wa kudumu. Hakupata kusinzia garini mwa mtu. Kulala huku mwingine anaendesha, alikuwa akisema, ni kumpa roho yako aishike. Sasa dereva alikuwa Gaudiose, na tangu Pasaka mume wake alikuwa amejifungia nyumbani kwao mjini Laurel, hata kanisani haendi.

"Sibebwi kama gunia," ndilo lilikuwa jibu lake.

Gaudiose alimbembeleza wiki nzima hadi akakubali kutoka. Alijua fika kwamba akirudi na kinyongo leo, hatatoka tena.

"Baba Jaël, huku hakuna kamiyo za mizigo. Batu banatembeza macho tu."

"Kule Ngomo, mwenye kunyamaza mu kona, banamukuta mu bonde."

Hasira zilimpanda Gaudiose, kisha zikashuka zenyewe. Mtu huyu haoni hata kioo kilicho mbele yake, lakini hajakosea kona hata moja.

"Unazijuaje?"

"Kiuno kinasikia. Na motere ya gari inabadilisha sauti."

Walipoegesha mahali pa kutazamia bonde, mlinzi wa hifadhi, binti mwenye kofia pana, aliwajia akauliza kwa upole kama gari lao lilikuwa na tatizo. Gaudiose aliona haya, akatamani ardhi immeze. Venuste akajibu kwa Kiingereza chake cha kuunga-unga kwamba dubu nao wana haki ya kujua kuna gari linakuja. Binti akacheka hadi akaishika kofia isianguke. Venuste akacheka naye, na moyo wa Gaudiose ukajaa furaha, maana kicheko hicho alikuwa amekikosa kwa miezi.

Waliketi juu ya ukuta wa mawe, wakala ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo Gaudiose aliipika alfajiri.

"Niambie," Venuste alisema, uso ameuelekeza bondeni.

"Milima inafuatana. Ya mbele ni kijani, ya nyuma ni buluu. Ile ya mwisho, huwezi kujua kama ni mlima ao ni wingu."

"Kama kwetu?"

"Kama kwetu. Ila hakuna mashamba. Hata moshi hakuna."

Venuste akatafuna kwanza. "Basi banakosa muhogo, masikini."

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipoanza kuteremka.

"Tumia gia ndogo. Breki itachoka."

"Ninajua, Baba Jaël."

"Eeh. Unajua."

Venuste alisema hivyo bila kejeli. Gaudiose alitaka kumtazama usoni, lakini barabara haikumpa nafasi. Kona ya kwanza Venuste aliitangaza. Ya pili pia, ingawa kwa sauti ya chini. Ya tatu ikapita bila kutangazwa, na Gaudiose akapata wasiwasi kwamba amemuudhi kwa jambo asilolijua.

Barabara iliponyooka kidogo, akageuka. Kidevu cha Venuste kilikuwa kimeangukia kifuani, naye akikoroma kwa sauti ndogo. Mguu wa kulia ulikuwa umelala kwa ubavu zuliani, kiatu kimechomoka kisiginoni.

Mbele yao mlima ulijipinda tena. Gaudiose akapunguza mwendo, akaigusa honi taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Venuste hakuamka.