Mji Niliompa Asiye na Uso

Usingizi unanichukua mchana kweupe, katikati ya kikao cha idara, nikiwa nimekaa wima na kalamu mkononi, huku Profesa Mgonja akizungumza kwa ile sauti yake ya upole ambayo haijawahi kupanda hata siku anapomwangamiza mtu. Tunajadili mkataba wa kazi wa mwenzetu Ponsian Rweyendera. Kila aliyeizunguka meza hii anajua kisa chenyewe: Ponsian amepata mbegu ya muhogo isiyoshikwa na ugonjwa wa batobato, profesa ametaka jina lake litangulie kwenye utafiti huo, Ponsian amekataa, na sasa tunaambiwa, kwa masikitiko makubwa, kwamba huenda utafiti wenyewe hakuufanya yeye. Mimi ndiye shahidi wake. Nilikuwa naye Biharamulo kiangazi kizima, nikamwona akipiga magoti matutani, akiongea na majani kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Na siku nilipoingia chuoni hapa, mhadhiri mchanga nisiyejua hata pa kusimama darasani, yeye ndiye aliyeigawa ofisi yake akanipa upande wenye dirisha. Chuo chetu si chuo cha mchezo. Mama akitaja kwamba mwanawe anafundisha huku, watu wanampisha kiti. Nangoja zamu yangu ya kusema. Nangoja pia kupandishwa cheo, na mwenye neno la mwisho juu ya cheo hicho ni profesa huyu huyu. Feni inazunguka, kope zangu zimelemewa na wiki nzima ya kusahihisha mitihani, zinakutana mara moja tu, na nyuma ya kiti cha profesa, pale palipokuwa ukuta, pana mlango.

Naingia. Ndani kuna barabara, na kando ya barabara amesimama mtu aliyevaa joho la mahafali, na mahali pa uso hana kitu, ngozi imevutwa ikawa laini kama ganda la yai. Karibu, Dakta Namkunda, anasema, ingawa sioni sauti inatokea wapi. Namuuliza barabara hii inakwenda wapi. Inakwenda juu, anasema. Juu wapi? Juu ya ile uliyotoka. Basi tunakwenda, na barabara inapanda, inapinda, inarudi pale pale ilipoanzia lakini kimo kimeongezeka, inapinda tena, na mimi sichoki, nashangaa tu kwamba sichoki, mpaka tunafika kwenye mji wa vioo ambako kila jengo ni jumba la mihadhara na kila ukuta unanionyesha mimi. Kwenye kioo cha kwanza nimevaa joho jeusi. Kwenye cha pili joho lina mistari myekundu. Mbele zaidi nimekaa, watu wamesimama, na mama yangu yuko mstari wa mbele akipiga vigelegele. Nasogea nimguse. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, najibu, maana ndivyo nilivyolelewa, mtu hakatai kutegewa. Nyumba yangu, aliye nje analia aingie, aliye ndani analia apande. Nafikiri, macho yangu yako kwenye kioo, jibu haliji. Basi nipe mji, anasema. Nampa Usangi, nilikozaliwa, kwa sababu ndio mji wa kwanza kunijia mdomoni, na kwetu tukicheza vitendawili tulikuwa tunagawa miji kama karanga. Anaupokea kwa mikono miwili. Naangalia tena kioo, nipo mimi na joho langu, na mstari wa mbele kuna mwanamke anayepiga vigelegele, nami sijui ni nani.

Tunaendelea. Nataka kuuliza nimepoteza nini, lakini siwezi kuuliza kitu nisichokikumbuka, kwa hiyo natembea tu, na hapo ndipo nahisi kwamba barabara ni ya uvuguvugu. Natazama chini. Ni migongo. Barabara yote imetandazwa migongo ya watu waliolala kifudifudi, mmoja baada ya mwingine, mashati yamepigwa pasi vizuri, wengine wana chaki vidoleni. Naruka kando, na kando nako ni migongo. Shikamoo, Dakta, inasema sauti ya binti chini ya kiatu changu. Marahaba, najibu. Wewe ni nani? Mimi ni mkufunzi msaidizi, nafundisha madarasa ya Profesa. Unaumia? Si sana, anasema, kanyaga tu, Dakta, ukisimama sana mahali pamoja ndiyo inauma. Namwomba msamaha. Ananishukuru. Nakwenda haraka zaidi ili nisimuumize yeyote, na kila ninavyokimbia ndivyo ninavyokanyaga wengi, na asiye na uso ananiambia, unaona, umeshajua kutembea.

Mwisho wa barabara kuna baraza la watu wengi wenye majoho, wote hawana nyuso, na nyuma yao mlango mrefu wenye ngazi tatu, ila ya chini haipo, pana shimo tu. Mbele yao amesimama Ponsian. Amevaa shati lake la kijani lililopauka mabegani, amebeba kikapu cha mihogo, na akiniona uso wake wote unachanua, kwa kuwa ni uso pekee mahali pale. Dada Namku, anasema, afadhali umekuja. Hawa wazee hawanielewi. Waambie ulichokiona. Yule aliyeniongoza njiani ananigeukia. Kitendawili. Tega, nasema. Mmoja kalima, mmoja kavuna, na aliyevuna ndiye anayepongezwa kwa jembe. Hiki nakijua. Jibu liko kwenye ulimi, naliona, lina majina mawili, na kuyataja hakuhitaji hata pumzi nzima. Nageuza macho, naona ubavuni mwa mlango kioo cha mwisho, nami humo nimekaa kwenye kiti cha Profesa Mgonja. Ponsian ananisubiri akitabasamu. Sijui, nasema. Basi nipe mji. Hakuna anayenishika, hakuna anayenitisha. Nachagua mwenyewe. Nakupa Biharamulo, nasema, na inaondoka yote kwa mkupuo, udongo wake, matuta yake, kiangazi chake, mtu aliyepiga magoti.

Unamfahamu huyu? wananiuliza wale wa baraza. Namwona tu, nasema. Kazi hii ni yake? Sina kumbukumbu, nasema, na huo sasa ndio ukweli, natafuta ndani yangu na sioni kitu. Ponsian anacheka kidogo, kama mtu aliyefanyiwa mzaha. Dada, si tulikuwa wote? Mmoja wao anashuka na kifutio cha ubao, anamshika kidevu kwa upole kama mama anayemsafisha mtoto, anaanza na nyusi, kisha macho, kisha pua, na mdomo anauacha mwisho, nao unaendelea kuuliza si tulikuwa wote, si tulikuwa, mpaka unafutika ukiwa bado wazi. Anawekwa kwenye lile shimo kifudifudi. Sasa ngazi zimetimia. Naweka mguu. Mgongo wake una joto, unakaza ili nisiyumbe, na hilo ndilo linaloniliza, jinsi anavyonisaidia.

Mtu ananigusa mkono. Ni Dakta Sikujua Mbaruku, jirani yangu kikaoni. Feni inazunguka. Profesa Mgonja ananitazama kwa upole na kusema, ahsante sana, Dakta Namkunda, maelezo yako yametusaidia kufika mwisho. Watu wanakusanya vitu vyao. Namuuliza Sikujua kwa sauti ya chini, nimesema nini? Ananitazama. Ulichosema tumekisikia wote, anajibu, usinitafute mimi nikusemee tena. Najaribu kuikumbuka Biharamulo. Najua jina, najua iko upande gani wa nchi, lakini nikitafuta shamba, nikitafuta hata vumbi la barabara yake, sipati. Labda sikuwahi kwenda. Labda shamba ndilo nililoliota, na mji wa vioo ndiko ninakofanya kazi.

Nje, kwenye korido, Ponsian anainuka kutoka kwenye benchi. Uso wake upo, umejaa, una jasho. Umewaambia, dada? Nataka kumuuliza kama kweli nilikuwepo, lakini nasema, nimewaambia. Anashusha pumzi, anashika mikono yangu yote miwili. Mungu akubariki, anasema, nilijua una moyo. Mlango unafunguka, profesa anamwita kwa jina lake kamili, naye ananyoosha kola ya shati na kuingia. Mlango unafungwa taratibu. Nasimama pale nikingoja kuamka, nangoja sana, na wanafunzi wanapita wakiniamkia.