Mpira wa Bwana Kirungu

Mpira wa mwisho wa Bwana Lindner uliruka vizuri, ukapinda kushoto kama ilivyokuwa desturi yake, ukagonga jiwe na kutumbukia mtoni. Bwana akasimama ukingoni na fimbo yake mkononi, akayatazama maji yaliyokuwa yakishuka kutoka Meru kwa haraka ya watu wenye shughuli zao. Hakutukana. Alivua kofia, akaivaa tena, kisha akapanda polepole kuelekea nyumbani. Mafundi wawili waliokuwa wakishona tandiko la farasi kwenye kibanda cha ngozi walimwona akipita, na wote wawili wakainamia kazi yao.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Meli hazikufika tena Tanga, na vitu vya dukani vilikuwa vimegeuka hadithi: sabuni, mafuta ya taa, hata sindano. Mipira ya mchezo wa Bwana nayo ilikuwa ya Ulaya, na ilikwisha mmoja mmoja kwa kumezwa na majani au kuchukuliwa na maji. Watu wa Tengeru hawakuona hasara yoyote. Kwao mchezo wenyewe ulikuwa kichekesho: mzungu mzima, mwenye shamba la kahawa lisiloonekana mwisho wake, anapiga kitu kidogo kwa fimbo, anakifuata, anakipiga tena, mpaka kiingie kwenye shimo alilochimba yeye mwenyewe. Walimwita Bwana Kirungu, na yeye alilijua jina hilo na hakulikataa.

Wale waliokaa karibu naye walijua zaidi. Shimo la mwisho la mchezo wake lilikuwa hatua chache kutoka kaburi la mkewe. Marehemu Bibi alikuwa Mskoti, na ndiye aliyemfundisha mchezo huo walipokuwa bado wageni nchini. Sasa Waskoti walikuwa maadui, kwa hiyo Bwana hakumtaja tena mbele ya Wajerumani wenzake. Alicheza tu kila jioni, peke yake, na mchezo ukimfikisha pale alikaa kidogo.

Asubuhi iliyofuata alikuja kibandani. Mikidadi, mtu wa Pangani, alikuwa akitoboa ngozi kwa maharazi. Lesikar, Mwarusha wa Moshono, alikuwa amemshikia. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote: mmoja hushika na kuvuta uzi, mwingine hutoboa na kushona. Ngozi zenyewe zilitoka mikononi mwa Lesikar, ambaye aliziloweka, akazikwangua na kuzipaka mafuta ya mkia wa kondoo mpaka zikalainika. Mikidadi hakuijua kazi hiyo, na Lesikar hakujua kushona mshono unaoweza kuitwa mshono.

"Boma wananiachia fundi mmoja wa ngozi," alisema Bwana. "Mwingine atakwenda kubeba mizigo ya askari. Si mimi niliyepanga."

Bwana akauchukua uzi wenye nta, akauviringisha kidoleni.

"Nataka mpira. Kila mmoja atengeneze wake. Usiwe mgumu, kwa sababu mkono wangu umezeeka. Usiende mbali sana, kwa sababu na macho yamezeeka. Wala usile ngozi ya matandiko, maana boma wanadai kila kipande. Atakayeleta mpira unaonifaa, huyo atabaki."

Akaondoka. Huenda alidhani amefanya haki, maana angeweza kuchagua kwa kunyoosha kidole tu. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine, na hilo lilifanya iwe vigumu hata kumchukia kwa raha.

Mikidadi aliyashika maharazi lakini hakutoboa. Bara alikuja akiwa kijana, na mzigo wa pembe begani, katika misafara ya zamani. Bega lake la kulia lilikuwa bado na sugu, na siku za baridi lilimuuma kama jino. Aliwaona wenzake wakiachwa kando ya njia wakiwa bado wanapumua. Alipofika chini ya Meru akajifunza kushona ngozi, akaapa kwamba begani mwake hautakaa mzigo mwingine isipokuwa jeneza la rafiki. Sasa alikuwa na mvi, na aliogopa. Aliogopa waziwazi, kama mtoto, na hakuwa na mahali pa kuificha hofu hiyo.

"Fundi," alisema Lesikar jioni walipokuwa wakifunga kibanda, "wewe utatengeneza wa nini?"

"Sijui bado."

"Mimi pia sijui."

Wakaagana bila kutazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kila mmoja kumdanganya mwenzake, na uongo wenyewe ulikuwa mdogo mno, hata haukuwafaa kitu.

Njiani Mikidadi aliipima mipira yote kichwani. Mpira bora kuliko yote ungekuwa wa utomvu, kutoka kwenye miti ya mpira ya shamba la ng'ambo. Lakini utomvu ule ulikuwa wa magurudumu ya jeshi, na aliyeuiba alilazwa chini akapigwa viboko. Mti ulipatikana bure, ila mti humrudishia mpigaji pigo lake mkononi. Matambara yangekuwa laini, lakini siku zile watu walivaa matambara hayo hayo. Ilibaki ngozi iliyojazwa manyoya ya kuku. Manyoya si haba. Tatizo lilikuwa ngozi. Mabaki ya matandiko yalikuwa manene kama kisigino. Mpira wa namna hiyo hushonwa ndani nje, kisha hupinduliwa kupitia tundu dogo, na ngozi nene haipinduki.

Ngozi laini aliyoijua yeye ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ndani ya sanduku la mkewe. Ilikuwa ngozi ya mwanambuzi, nyeupe, laini kama sikio. Lesikar aliileta binti yao Nusura alipozaliwa, alalie, kama alivyosema wanavyofanya kwao. Aliilainisha msimu mzima wa mvua. Nusura alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kuteka maji, lakini ngozi haikuwahi kutupwa.

"Hii tulipewa," alisema Mikidadi akiwa ameipakata. "Hatukununua."

Mwanahalima alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Kata, Baba Nusura. Ngozi ni ngozi. Mimi nataka mume."

"Lakini aliyenipa ndiye nitakayemshinda kwayo."

"Naye kule kwake anakata nini sasa hivi, unadhani? Kata."

Akachukua mkasi, akakata. Alishona vipande vitatu vilivyochongoka kama maganda ya chungwa, akavipindua, akashindilia manyoya yaliyochemshwa kwa ncha ya kijiti mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akafunga tundu, kazi ambayo ndiyo ugumu wote wa mpira, akaupaka chokaa na kuuacha ukauke. Ulikuwa mpira mzuri. Aliutazama akajisikia fahari, na nyuma ya fahari hiyo kukaja uchovu usiolingana na kazi aliyoifanya.

Siku ya majaribio jua lilikuwa limeelemea upande wa Arusha, na kilele cha Meru kilikuwa wazi. Lesikar alitoa mpira wake kwanza. Ulikuwa wa mzeituni mwitu, mti ambao wanawake wa kwao hufukizia vibuyu vya maziwa, na ulikuwa umechongwa ukakamilika. Bwana akausifu, akaupiga. Ulilia kama shoka, ukapaa ukapotelea kwenye kahawa. Bwana akabadilisha fimbo mkono, akaukung'uta mkono wake wa kulia huku ameuma meno.

"Huu ni wa kijana," alisema.

Mpira wa Mikidadi haukulia. Ulitoa mlio mzito, ukainuka kiasi, ukaanguka, ukabingirika, ukasimama mweupe majanini mahali ambapo hata Bwana aliuona. Akaufuata. Akaupiga tena na tena, na mafundi wakimfuata nyuma, mpaka ukazama kwenye shimo la mwisho karibu na kaburi. Bwana akapiga goti, akautoa, akausugua kwa kidole gumba. Alikuwa akitabasamu, na kwa kuwa hakuwa amefanya hivyo muda mrefu, uso wake ulionekana kama wa mtu mwingine.

"Mikidadi," alisema. "Mpira huu utapotea, kama ile mingine. Au mvua itaupasua. Utanitengenezea mwingine?"

Jibu lilikuwa neno moja. Ngozi iliyobaki sandukuni ingetosha mpira wa pili, labda na wa tatu. Baada ya hapo Mungu angejua. Vita vingekuwa vimekwisha, au Bwana angekuwa amekwisha. Mikidadi alifungua mdomo kulisema neno lile, na macho yake yakamwendea Lesikar.

Lesikar alikuwa akiutazama mlima. Alikuwa ameitambua ngozi yake. Asingeshindwa kuitambua hata gizani. Alikuwa ameitambua tangu mpira ulipotoka kwenye kitambaa, na hakusema kitu wakati ule, wala sasa. Alikuwa anamwachia. Mikidadi akahisi kwamba mzigo aliokuwa akiukimbia ulikuwa umeshampanda, na kwamba ameubeba tangu usiku ule wa mkasi. Alikuwa amechoka kuogopa. Hakujisikia mwema hata kidogo. Alijisikia kama mtu anayekaa chini kwa sababu miguu imekataa.

"Mimi nitashona, Bwana," alisema. "Lakini ngozi hii ni kazi ya Lesikar. Mimi ngozi laini siiwezi."

Bwana akamtazama mmoja, kisha mwingine.

"Kushona kunafundishika?"

"Kunafundishika," alisema Mikidadi.

"Na kulainisha ngozi?"

Lesikar akageuka kutoka mlimani. "Bwana, mimi nilianza kufundishwa na baba kabla sijatahiriwa. Lakini fundi huyu ni mkubwa kwangu, na bega lake ni bovu. Niende mimi. Mimi nina miguu."

"Sikuuliza nani ana miguu," alisema Bwana kwa sauti ya chini. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyeulizwa mambo mengi mno mwaka ule. Akauweka mpira kwenye kiganja cha Lesikar, akavikunja vidole vya Lesikar juu yake. "Wewe utajifunza kushona." Kisha akabaki pale kaburini, na wao wakaondoka.

Mwanahalima hakulia mbele ya mumewe. Alipika ndizi, akazifunga kwenye jani, akazifungua, akazifunga upya.

"Ungesema ndiyo tu," alisema mwishowe.

"Ningesema."

"Sasa kilichokuzuia ni nini?"

Mkewe akamfunga kitambaa begani, juu ya sugu, kwa nguvu kiasi cha kumuumiza.

Msafara uliotoka boma la Arusha kwenda Moshi ulipita barabara ya Tengeru asubuhi ya mawingu. Mikidadi alibeba sanduku kwenye bega la kushoto, na mkono wa kushoto ukalishikilia. Walipofika kwenye mpaka wa shamba la Bwana Kirungu, Lesikar alikuwa amesimama kando ya njia. Alikuwa na sindano kwenye pindo la shuka, na mkononi mpira mpya uliokuwa umeachama kama mdomo, manyoya yakichungulia nje.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

Lesikar akaanza kutembea sambamba naye. "Nimepitia kwako. Jioni nitapita tena. Kila jioni nitapita." Kisha akauinua mpira. "Hapa pananishinda. Nikivuta, ngozi inachanika."

"Unavuta ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza."

Lesikar akaitia mate ngozi, akachoma sindano, na mpira ukamponyoka mara mbili kwa sababu mkono mmoja haukutosha kuushika na kuushona. Mikidadi alitazama mbele kidogo. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, ule wa bega bovu, akaushika mpira, akaubana mpaka midomo miwili ya tundu ikakutana.

"Choma," alisema. "Sasa vuta. Polepole."

Wakaenda hivyo, mmoja akishika na mwingine akishona, huku sanduku likimkata bega na vumbi la waliotangulia likiwaingia machoni. Mishono ya Lesikar ilikuwa mikubwa na ya ovyo, lakini ilishika. Walipofika darajani askari akageuka.

"Wewe usiye na mzigo! Rudi!"

Lesikar akasimama. Uzi ukavutika kati yao, kisha Mikidadi akaachia mpira na uzi ukalegea.

"Fundo, Fundi?" aliuliza Lesikar.

"Lirudishe ndani," alisema Mikidadi bila kugeuka, maana mwenye sanduku begani hawezi kugeuka. "Ukiliacha nje, litafunguka."

Akavuka daraja. Mkono wake wa kulia ulibaki umekunjika kwa muda, ukinuka mafuta ya mkia wa kondoo, mpaka walipoanza kupanda na akauhitaji kwa mzigo.