Usukani Unaotazama Nyuma

Boti ilikuwa ya mbao, injini katikati, na kiti cha dereva kimefungwa kikitazama nyuma. Si kwamba mtu alikosea. Seremala aliyeiunda zamani hizo alikuwa akivua peke yake, na alitaka kuiona mishipi yake inavyokokotwa huku mikono iko kwenye usukani. Mbele hakuwa na haja ya kuona, maana maji yale aliyajua kama sebule yake. Inasemekana aliunda nyingine chache za namna hiyo, zikaoza au zikaishia kuwa kuni, na sasa ilibaki hii tu. Watu wa gatini waliiita Kinyumenyume, na kila ilipotoka hawakukosa la kusema.

Fundi saa aliinunua alipostaafu. Kwa kuwa yeye maji hakuyajua hata kidogo, alimweka mkewe mbele awe macho yake. Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke aliyezoea kuamrisha watu wenye uchungu, na sauti alijaliwa.

"Kushoto! Kushoto tena! Basi, nyoosha!"

Na fundi, kampa mgongo, anazungusha usukani bila swali. Walivua hivyo kila Jumamosi kwa miaka. Nyumbani walibishana hata juu ya chumvi, lakini humo botini alimtii kama mtoto, na mkunga alizipenda Jumamosi hizo kuliko alivyowahi kumwambia.

Mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo. Akisema kushoto, boti inakwenda moja kwa moja kwanza; akirudia ndiyo inapinda. Redio ya nyumbani nayo ikapandishwa hadi jirani akaja kuuliza kama wana sherehe.

"Baba watoto, masikio yako vipi?"

"Mazima kabisa. Wewe ndiye siku hizi unamung'unya maneno."

Yeye, kumung'unya maneno! Mkunga aliliacha lipite. Mume wake alikuwa ametambua ugonjwa wa saa kwa kuisikiliza tu maisha yake yote, na kumwambia masikio yameondoka kungekuwa sawa na kumwambia kwamba yeye mwenyewe ameondoka. Basi akawa anapiga kelele zaidi, na kila Jumapili anaamka sauti imemkauka.

Halafu ikaja siku ya boya. Lilikuwa boya kubwa la chuma, limekaa pale pale linapokaa siku zote.

"Kulia! Kulia! Kulia, we mwanamume!"

Boti ililikwangua boya ubavuni, ubao ukapasuka karibu kabisa na goti la mkunga. Walirudi nyumbani. Kabla wiki haijaisha, fundi akatangaza kwamba amepata mnunuzi, bwana mmoja mwenye hoteli, ambaye angekigeuza kiti kitazame mbele na kuwatembezea wageni.

"Akikigeuza kiti si itakuwa boti kama boti zote?"

"Atakuja Jumamosi," alisema fundi, akaendelea kula.

Mkunga aliona ni kiburi tu. Mtu yuko radhi kufa na tai shingoni kuliko kukiri kwamba hasikii! Ilimuuma. Jumamosi zake zilikuwa zinauzwa, na hata sababu haambiwi.

Jumamosi ilipofika, mwenye hoteli alisimama gatini na viatu vyake vinavyong'aa, akaomba aione boti ikitembea kwanza. Fundi alishaketi kwenye usukani. Mkunga akashuka botini, ila hakwenda mbele. Alisimama mbele ya mumewe, akapiga moyo konde.

"Nipishe."

"Unasemaje?"

"Nipishe hapo!" Gati zima likageuka. "Macho yako mazima, masikio yangu mazima. Nenda mbele ukaone. Mimi nitasikia."

"Mama, kwani unajua kuendesha?" aliuliza mwenye hoteli.

"Sijui. Nitaambiwa."

Fundi alimtazama, akautazama usukani. Ilimchukua muda kuuachia. Kisha akainuka, akapita kando ya injini, akaenda kuketi mbele. Mwenye hoteli akasema yeye atasubiri pale pale.

Walitoka kwa kuyumba. Mkunga aliona gati likirudi nyuma na watu wakicheka, na mgongoni kwake akasikia sauti ya mumewe, kubwa kama ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Kulia, mke wangu! Tena! Nyoosha!"

Boya likapita mbali kabisa. Kisha fundi akasema, akidhani anasema polepole, maneno yaliyofika hadi gatini:

"Siku ile ungekufa wewe! Mimi nimekupa mgongo, sisikii, na wewe ndiye uko mbele! Ndiyo maana naiuza! Tangu siku hiyo silali!"

Kule gatini kicheko kilikatika. Mwenye hoteli alitazama viatu vyake, kisha akaondoka taratibu kuelekea gari lake.

"Hapa mbele ni pazuri," fundi aliendelea kunguruma. "Tukigonga kitu, nitaanza mimi. Umenisikia?"

Mkunga hakuweza kugeuka, mikono yote iko kazini na machozi yanamtoka waziwazi mbele ya watu wa gati. Kumjibu kwa mdomo ilikuwa kazi bure. Akaupinda usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka boti nzima ikatikisika, ili mzee wake huko mbele ajue amesikiwa.