Wingu la Chumba cha Nyuma

Kabla ya adhana, tone la maji lililia kwenye bakuli la bati, kisha jingine. Bi Mwanvita alinyoosha mkono gizani, akalisogeza bakuli upande wa miguuni, kwa sababu wingu analoishi nalo chumbani lilikuwa limehama usiku. Godoro alishalifunika nailoni. Akalala tena.

Asubuhi mwanawe Hamza alikuja na fundi wa jipsamu aitwaye Godlisten, ampigie hesabu. Alitaka chumba cha mama yake kikatwe katikati, nusu moja apangishe. Hapo Mafiga, Morogoro mjini, wapangaji hawakosekani.

"Shikamoo, bibi," alisema fundi, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu ilikuwa na maji.

"Marahaba, baba. Pita. Inama kidogo, asubuhi wingu linakaa chini."

Godlisten aliinama, akavuta tepu yake toka ukuta hadi ukuta. Kisha akasubiri wingu lisogee kona ili aione dari. Alipomaliza, akaifuta tepu kwa shati lake isije ikamdondoshea bibi maji kitandani.

"Bodi sita na fremu zake, bosi. Ila ziwe za kijani, zile za bafuni. Nyeupe zitalainika kama mkate kwenye chai."

"Za kijani si ghali?"

"Karibu mara mbili."

"Piga hesabu ya nyeupe. Hilo tutalifukuza."

Fundi akamgeukia bibi. "Limetokea wapi?" aliuliza, kama anayeuliza bomba linapita wapi.

"Matombo, kule milimani. Lilikuwa linakaa juu ya shamba la mama yangu. Nimekuja mjini kutibiwa macho, narudi nakuta shamba limeuzwa, migomba imekatwa. Halikuwa na pa kukaa tena. Tukapanda lori la ndizi pamoja."

Hamza alikuwa anatazama simu. Kwa Waluguru shamba la namna hiyo hufuata upande wa mama, na hilo lilikuwa liende kwa dada yake, Mwanaasha. Bati za nyumba hii alizinunua kwa pesa za shamba hilo.

"Kwetu Kilimanjaro mawingu yanabaki mlimani," alisema Godlisten.

"Kwenu hakujauzwa. Na nyie Wachaga, wingu nalo mnalitoza?"

"Natoza bodi, bibi. Wingu bure."

Bibi alicheka. Fundi akapiga mstari wa chaki sakafuni, akautazama. "Bosi, ukuta ukipita hapa, dirisha linakwenda kwa mpangaji."

"Mpangaji hakubali chumba kisicho na dirisha."

"Na bibi?"

"Mama analala tu."

"Hapo ndipo ninapoiona milima," alisema Bi Mwanvita. "Na wingu hutokea hapo mchana kuota jua. Sogeza ukuta, Hamza."

"Chumba kitakuwa chembamba, mama."

"Sogeza, mwanangu."

Hamza alimwambia fundi afuate chaki.

Ukuta ulisimama wiki hiyohiyo, mweupe. Juu yake, chini ya dari, Godlisten aliacha uwazi wa kiganja kimoja, urefu wote wa chumba. Hamza alipouliza, aliambiwa ni wa hewa. Kila asubuhi wingu hupanda hapo, hupita juu ya kitanda cha mpangaji, msichana aitwaye Joyce, na kutokea dirishani. Jioni hurudi njia ileile. Joyce hufunika madaftari yake, na siku hizi huamka mapema kulifungulia dirisha.

Shamba lilibaki limeuzwa. Mwanaasha anapopiga simu kuuliza mavuno, Hamza humwambia mtandao unasumbua.

Godlisten aliporudi kuchukua ngazi yake, alimkuta Bi Mwanvita amekaa kitandani, taa imewashwa mchana, kiganja kakiweka kwenye bodi.

"Zimeanza kulainika," alisema bibi.

"Masika hazivuki, bibi. Zitaanguka."

"Basi uje tena, baba, uje upime." Akampa ndizi mbili zilizofungwa kwenye kanga. "Hata zisipoanguka, uje."