Benchi la Ndugu wa Wagonjwa

Hospitalini wananiita Sanduku, kwa sababu jambo likiingia kwangu halitoki. Wenzangu wanaona ni sifa. Mimi sifa hiyo imenikosesha dada.

Mumewe alikuja kliniki kwangu kimyakimya, nikakuta moyo wake umechoka vibaya. Nikampeleka kwa bingwa wa moyo. "Shemeji, dada yako asijue kwanza," akaniomba. "Natafuta siku nzuri ya kumwambia." Nilimsihi, nikamgombeza mpaka koo likanikauka. Siku nzuri haikupatikana. Alianguka bafuni, na hakuamka.

Baada ya mazishi dada alinikuta jikoni naosha vikombe.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, dada."

"Ukaja kwangu, ukala, ukacheka na mimi, na unajua!"

Nilitaka kumweleza habari za kiapo cha udaktari, lakini mjane unamwelezaje kiapo? Tangu siku hiyo salamu yake kwangu ni kichwa tu, tena anakitikisa kwa taabu.

Nina hamu sana na dada yangu. Natamani hata alivyokuwa akinisuka huku akinigonga kichwani na kitana ili nitulie. Nikisikia kwenye korido kicheko kinachofanana na chake, natoka kuchungulia, mtu mzima mimi, na koti jeupe mwilini.

Sasa asubuhi moja mlango ukafunguliwa, akaingia yeye. Amekonda. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Daktari," akasema.

Daktari! Mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

"Nina uvimbe kwenye titi. Nimekuja kwako kwa sababu najua hutasema. Watoto wangu wasijue. Wewe kunyamaza ni fundi."

Ilinichoma, lakini nilikuwa nimeshasimama. Nikikubali, atakuwa anakuja. Nitamshika mkono na hataweza kuuchomoa. Nilitaka kukubali kwa roho yangu yote. Ndiyo maana nikakaa tena.

"Siwezi kukutibu," nikasema.

Uso wake ukajifunga. "Hata hilo?"

"Wewe ni dada yangu. Nikikupima mimi, nitaona ninachotaka kuona. Nakupeleka kwa mwenzangu. Na yeye hasemi."

Alinitazama, akainuka, nikamwongoza.

Bingwa wa upasuaji ni mama mmoja asiye na masihara. Alimkaribisha dada, kisha akanigeukia. "Ndugu wa mgonjwa atasubiri nje, labda mgonjwa mwenyewe aseme abaki." Maneno hayohayo nawaambia watu kila siku.

Nikamtazama dada.

"Asubiri nje," akasema.

Nikakaa kwenye benchi. Kila siku nalipita nikienda kunywa chai, wala sikuwahi kujua kwamba ni gumu kiasi kile. Nikatega sikio, aibu nikaiweka kando. Kiti kikaburuzwa. Bomba likafunguliwa. Sauti ya bingwa ikasema jambo polepole, halafu kimya. Miaka yote nimekuwa upande ule wa mlango, na sikujua kimya chetu kinatisha hivi.

Bingwa akatoka.

"Vipi?" nikamrukia.

Akanigusa bega, akapita. Alifanya sawasawa, na nilitamani kumzaba kibao.

Dada akatoka akimalizia kifungo cha blauzi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikasimama, swali likiwa limeshafika ulimini, nikalimeza. Aliniona nilivyolimeza.

"Inauma, siyo?"

"Inauma sana, dada."

Kisha akakaa kwenye benchi, akasogea kunipa nafasi.

"Kaa, mdogo wangu," akasema. "Wewe nakuambia."