Herufi za Mkono wa Kushoto

Mimi kunyamaza sikufundishwa, na nikiwa na haki ndiyo kabisa. Msumeno wa karakana ya kaka yangu, kule Gisozi, ulinikata vidole vya mkono wa kulia. Watu wakaja na pole zao: maskini Claudette, kuhariri video ndiyo basi tena. Basi ya nani? Nilifungua programu, nikahamisha amri zote za kutembea ndani ya video, nikazileta upande wa kushoto wa kibodi. A irudi nyuma, S isimame, D iende mbele, W irukie alama inayofuata. Mkono mmoja, kazi nzima.

Hiyo W ndiyo uhai wangu. Kwenye gusaba, siku familia ya bwana harusi inapokuja kumwomba binti, kamera haizimwi. Wazee wanabishana kwa mafumbo mpaka viti vinauma: binti hayupo, binti kaenda utawani, binti tumeshamtoa kwingine. Wanakataa, na kila mtu anajua watakubali. Mimi naweka alama kila mzee anaposhika maikrofoni, na W inanifikisha.

Halafu studio yetu ya Gisimenti ikauzwa, akaja bosi mpya, Bruce, aliyekulia nje ya nchi. Akataka kompyuta zote zifanane, mtu yeyote akae popote. Akafuta mpangilio wangu, amri zikarudi upande wa kulia. Nikamwonyesha mkono.

"Utazoea," akasema.

Nizoee nini, vidole viote?

Ikawa kila nikitaka kwenda mbele navuka kibodi nzima kwa mkono mmoja, kazi ikazorota. Bruce akachoka kusubiri, akaninyang'anya video ya gusaba ya binti anayeitwa Gwiza, akaipunguza mwenyewe. Maneno ya wazee aliyaona porojo tu, akayafyeka.

Mama Gwiza akaja na dada zake kuitazama. Kwenye skrini, msemaji wao, Mzee Nkusi, akakunja uso: "Binti hatutoi. Rudini kwenu." Papo hapo, wakwe hao wanakunywa na kucheka.

"Yesu wangu!" Mama Gwiza akashika kifua. "Kwa hiyo mwanangu hakutolewa? Ameibwa? Wajukuu waje waone hivi?"

Bruce akanigeukia. "Claudette, omba msamaha. Kazi ilikuwa yako."

"Siombi."

"Unasemaje?"

"Nasema siombi, bosi. Ilikuwa yangu mpaka uliponinyang'anya, na kabla ya hapo ulininyang'anya herufi zangu. Hebu sogea."

Nikakaa. Nikafungua ukurasa wa amri za kibodi, mbele ya wote.

"Ukizigusa hizo, huna kazi hapa," akasema, sauti ya chini.

Niliogopa, nisidanganye. Nina kodi, nina mama wa kulisha kule Kagarama. Lakini nilizigusa. A. S. D. W. Nikafungua rekodi nzima, alama zangu bado zimo. Nikabonyeza W, nikabonyeza tena, mpaka Mzee Nkusi akatokea upya, safari hii meno yote nje: "Tumewapa!"

Mama Gwiza akapiga impundu, dada zake wakamfuata, vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Ndiyo hiyo, mwanangu!" akaniambia. "Weka yote. Hata porojo za mzee."

Bruce hakucheka. "Nilikuambia nini kuhusu kazi?"

"Uliniambia sina."

"Na?"

"Na mimi nakuambia, kwa herufi zako siwezi kufanya kazi, na kwa herufi zangu umeona. Kesho ukizifuta, nitazipanga. Keshokutwa vilevile. Ukitaka kiti hiki, njoo uninyanyue sasa hivi, Mama Gwiza akiangalia."

Mama Gwiza akakunja mikono, akamtazama. Bruce alibaki nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Hakuna mkono ulioshika kiti.

Nikabonyeza D, nikaendelea na sehemu ya ng'ombe wa mahari.