Maporomoko ya Uani kwa Dobi

Dobi alikuwa akifua shuka la tatu la hoteli chini ya maporomoko pale mlinzi mpya alipomwamuru akusanye beseni lake aondoke.

"Mama, wageni wanakuja kupiga picha maporomoko, siyo kukutazama unafua."

"Kwani mashuka haya ya nani, kama si ya wageni haohao?"

Mlinzi aliinua rungu. Dobi akajitwika beseni, akashika njia kwa hasira. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na mama mkwe wake, na maji mengine yalikuwa bondeni, mwendo wa kuvunja kiuno. Maporomoko yakamfuata. Yalipofika uani yakapanda paani, yakaanza kumwagika kutoka ukingoni mwa bati.

"Yasije yakaniloweshea kuni," alisema mama mkwe, akazisogeza.

Meneja wa hoteli alifika saa ya chai, akataka yarudishwe mara moja.

"Mimi sikuyaita, bwana. Yamekuja yenyewe."

Meneja alimwita ofisini wakaongee vizuri. Maporomoko yakaingia naye, mafaili yakaelea hadi mapokezi. Mwenye nguvu mpishe: kabla viatu vyake havijakauka, meneja alikubali dobi afue uani kwake na awe ndiye anayewatembeza wageni. Majirani tu ndio waliokatazwa kuchota, ili uzuri usipungue. Dobi aliwaombea japo koki moja. Aliambiwa mchakato unaendelea.

Wageni wakaja kwa mabasi. Dobi aliwapokea akiwa na povu hadi viwikoni, kifua mbele.

"Karibuni, karibuni! Huku kwetu tunalima vitunguu vinavyowaliza hata madalali. Tunafuga ng'ombe wa maziwa, tunachonga mawe ya kujengea. Asali inatoka mlima ule pale, na maporomoko yanatoka kwangu!"

Makofi yalipigwa. Mlinzi naye alipiga, akimshikia kapu la vibanio vya nguo. Dobi alifurahi, wala hakuificha furaha yake.

Mgeni mmoja aliuliza kuhusu bomba jipya lililoanzia uani na kupita mbele ya nyumba zote za jirani bila koki hata moja.

"Hilo linapeleka maji kwenye bwawa la kuogelea la hoteli," alisema dobi.

Wageni wakalipiga picha. Wifi yake dobi, wa nyumba ya jirani, aliyekuwa akikatiza hapo na ndoo kwenda kuchota bondeni, alisimama kando mpaka wakamaliza, kisha akaendelea na safari yake.